Lami ya Chini ya Gari: Inazuia Kutu au Inaificha?

Kuna onyesho ambalo wauza andakoti wanalipenda sana. Fundi anashika kipande cha bati kilichopuliziwa ile lami nyeusi, anakimwagia maji, na maji yanateleza na kudondoka kama yaliyomwagwa juu ya jani la gimbi. Bati linabaki kavu. Fundi anaitazama kamera na kuuliza: "Sasa hapa kutu itapita wapi?"

Swali ni zuri. Itapita pembeni, penye ufa. Itapita ndani, mahali ambapo lami haikufika. Na mara nyingi haina haja ya kupita popote, kwa sababu ilikuwepo kabla ya lami, na lami imeifunika tu.

Kwa ambaye hajakutana nayo, andakoti ni tabaka zito linalopuliziwa au kupakwa chini ya gari: kwenye sakafu, kwenye matao ya matairi, wakati mwingine hadi kwenye chesisi. Nyingi zinazotumika kwenye gereji zetu ni za lami, au lami iliyochanganywa na mpira. Utafiti wangu uko kwenye rangi za kulinda chuma, na kila nikitaja hivyo mbele ya watu wa Dar, Tanga au Unguja napata swali lile lile: nipige andakoti au nisipige? Sina ugomvi na lami yenyewe. Ugomvi wangu ni na ile ahadi inayouzwa pamoja nayo, kwamba ukishapiga umemaliza habari ya kutu.

Tuanze na kutu yenyewe. Watu wengi wanaiona kama uchafu unaotoka nje na kukaa juu ya chuma, kwa hiyo wanafikiri ukiufungia mlango basi. Lakini kutu ni chuma chenyewe kikigeuka kuwa kitu kingine. Kwenye sehemu moja ya bati, atomu za chuma zinaachia elektroni na kuyeyuka kuingia kwenye maji. Elektroni zile zinasafiri ndani ya bati mpaka sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji vinazipokea. Kwa kifupi ni betri ndogo. Chaji inapita kwenye chuma upande mmoja, na inarudi kupitia maji upande mwingine. Bila maji betri haifanyi kazi. Maji yakiwa na chumvi inafanya kazi vizuri zaidi, maana chumvi inapitisha chaji kirahisi, na ioni zake za kloridi zinavunja utando mwembamba ambao ungesaidia kukilinda chuma.

Na hapa watu wa pwani tuna tatizo ambalo mtu wa Dodoma hana. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 75 inaanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Ndiyo maana chumvi jikoni Dar inaloana na kushikana. Maji ya bahari yana pia kloridi ya magnesiamu, na hiyo inavuta unyevu kuanzia kama asilimia 33 tu. Maana yake gari inayolala karibu na bahari inaweza kuwa imelowa chini usiku kucha bila tone la mvua. Hujaikanyagisha dimbwi, hujaipandisha pantoni, lakini betri zile ndogo zinafanya kazi.

Sasa twende kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii. Miaka ya 1920 mwanakemia Mwingereza Ulick Evans, wa Cambridge, aliweka tone la maji ya chumvi juu ya bati la chuma lililosafishwa vizuri. Ndani ya maji kulikuwa na kemikali mbili za kutoa rangi: moja inageuka buluu pale chuma kinapoyeyuka, nyingine inageuka waridi pale oksijeni inapopokea elektroni. Wewe ungetarajia chuma kiliwe wapi? Wengi tungesema pembezoni mwa tone, maana hapo hewa ni nyingi. Ikawa kinyume. Pembezoni palikuwa waridi, katikati palikuwa buluu. Chuma kililiwa katikati, pale oksijeni inapofika kwa shida, na oksijeni ya pembeni ndiyo iliyokuwa inaendesha kazi yote.

Ukilielewa tone la Evans, umeelewa tatizo la andakoti. Chukua lami iliyopasuka kidogo. Maji yenye chumvi yanavutwa ndani ya ufa ule, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Mdomoni mwa ufa kuna hewa tele. Ndani zaidi, katikati ya lami na bati, hewa ni kidogo. Basi mahali panapoliwa ni ndani kule, usikoweza kuona. Halafu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kuanzia kama mara mbili hadi mara kadhaa kutegemea aina yake, kwa hiyo inaisukuma lami juu, ufa unaongezeka, maji mengine yanaingia. Kwa nje lami bado inang'aa. Unapigapiga kwa bisibisi, linatoka pande zima kama ganda la yai, na nyuma yake kuna unga wa kahawia.

Mtu atasema: basi isipasuke. Sawa, lakini lami ni lami. Kwenye joto inalainika, na ikizeeka inapoteza sehemu zake nyepesi, inakuwa ngumu na inakatika. Kwenye barabara ya changarawe kila jiwe linalorushwa na tairi ni nyundo ndogo. Hata isipopasuka, maji kuteleza juu ya kitu hakuna maana kwamba hayapenyi. Karibu kila rangi na kila plastiki inapitisha mvuke wa maji na oksijeni kidogo kidogo. Kinachoifanya rangi ilinde ni jinsi ilivyoshikana na chuma, kiasi kwamba maji yakipenya hayapati pa kukusanyika. Na kushikana huko kunategemea chuma kilikuwa safi kiasi gani siku ya kupaka.

Ndiyo maana lile onyesho halithibitishi kitu. Bati ni jipya, halina kutu, halina vumbi wala oili, na linajaribiwa kwa sekunde kumi. Viwandani wanaojaribu rangi kwa umakini wanafanya kinyume kabisa. Kuna kipimo cha zamani cha Marekani kinachoitwa ASTM B117: vipande vya bati vinawekwa kwenye kabati lenye ukungu wa maji ya chumvi ya asilimia 5, kwenye nyuzijoto 35, kwa mamia ya saa. Na kabla ya kuviweka, kwa kawaida wanavikwaruza kwa makusudi mpaka chuma kionekane. Swali lao ni: rangi ikishajeruhiwa, kutu inatambaa umbali gani chini yake? Kipimo hiki nacho kina wakosoaji, maana barabarani chuma kinalowa na kukauka kwa zamu, lakini angalau kinauliza swali la maana.

Unaweza kulijaribu nyumbani. Tafuta vipande vitatu vya bati jeusi, lile lisilo na zinki, kwa fundi wa kuchomelea. Kimoja kisafishe kwa msasa mpaka king'ae, kipake lami. Cha pili kiache kishike kutu wiki mbili, kisha kipake lami hivyo hivyo juu ya kutu. Cha tatu kisafishe, kipake, kisha kikwaruze kwa msumari. Vinyunyizie maji ya chumvi kila siku, uviache vikauke na kulowa, na baada ya miezi mitatu bandua lami yote utazame chini. Usitazame juu. Juu vyote vitatu vinaweza kufanana, na ndiyo hoja yangu nzima.

Je, gari ikitoka kiwandani iko uchi? Hapana, na hili wauzaji hawalisemi. Bodi la gari la kisasa linapita kwenye dawa ya fosfeti, kisha linatumbukizwa zima kwenye bwawa la rangi na kuunganishwa na umeme, ili rangi ivutwe mpaka kwenye vikona ambavyo hakuna bunduki ya kupuliza inayovifikia. Tabaka hilo lina unene wa mikromita 20 hivi, jembamba kuliko unywele wako, lakini limeshikana na chuma kuliko lami yoyote utakayoongeza baadaye. Magari mengi pia siku hizi yana bati lenye zinki, ambayo inajitoa mhanga na kuliwa badala ya chuma, hata palipokwaruzika. Juu ya hapo kuna plastiki laini kwenye maungio na matao ya matairi. Kama gari yako bado ina hali hiyo, kuipaka lami juu ni kuongeza kinga ya mawe tu. Si kitu kibaya. Ila usilipie kama vile umeokoa maisha.

Shida ni kwamba wengi wetu hatununui gari mpya. Tunanunua iliyotembea Japani. Kenya inakataa gari iliyozidi miaka 8. Tanzania haina kikomo hicho, ingawa gari kuukuu inatozwa zaidi. Na Japani si nchi moja kwa upande wa kutu. Gari iliyoishi Hokkaido au Tohoku imepita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kila baridi ili kuyeyusha barafu. Gari ya kusini inaweza kuwa haijawahi kuionja chumvi hiyo. Kwenye karatasi ya mnada wanaandika herufi S kwa kutu, kutokana na neno lao *sabi*, na C kwa chuma kilichoanza kuliwa. Mwombe wakala wako karatasi hiyo. Ni taarifa ya bei rahisi kuliko andakoti yoyote.

Gari ya namna hiyo ikifika bandarini ikiwa tayari ina chumvi na kutu kwenye maungio, kuipiga lami ni kumfunga mwizi ndani ya nyumba. Na kinachoibiwa si sura ya gari. Chini kule kuna mabomba ya breki, kuna sehemu ambapo saspensheni inashikana na bodi, kuna mahali pa kuwekea jeki. Toyota iliwahi kukubali nchini Marekani, mwaka 2016, suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa ajili ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizodaiwa kuoza kabla ya wakati, magari kama milioni 1.5. Angalia namna kazi ilivyopangwa: chesisi inakaguliwa kwanza, na iliyooza kupita kiasi inabadilishwa. Iliyooza hivyo haipakwi nyeusi tu ikaendelea na safari.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya yote, nalo ni matundu. Chini ya milango na kwenye mihimili ya bodi kuna nafasi zilizofungwa kama maboksi, na kila boksi lina vitundu vya kutolea maji. Fundi mwenye haraka anavipulizia lami, vinaziba. Maji yanayoingia kwa juu, kupitia milangoni, hayana tena pa kutokea. Bati linaanza kuoza kutoka ndani kwenda nje, na siku likitoboka unamlaumu hewa ya bahari. Gari kuoza kwa ndani ni kawaida sana hata bila kosa hilo, na andakoti ya nje haina la kufanya huko. Kinachofika huko ni nta au mafuta mepesi yanayopulizwa kwa mrija mrefu kupitia vitundu hivyo hivyo. Gereji ngapi zinakuuliza habari ya ndani ya boksi?

Mafuta na nta vina tabia tofauti na lami. Havigandi, vinatambaa, vinajipenyeza kwenye maungio, na vikikwaruzwa vinajifunika tena kidogo. Kuna vinavyotengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo. Hasara yake ni kwamba vinashika vumbi, vinachafua fundi, na vinaoshwa na maji, kwa hiyo unarudia kila mwaka au karibu hapo. Mimi ningechagua hivi kwa gari kuukuu ya pwani, kwa sababu moja tu: ukiinama unaona chuma. Lakini usikimbilie oili chafu. Najua watu wanaipaka na ni kweli inafukuza maji. Ina pia asidi na chembe za chuma za injini, inaharibu bushi za mpira, ina kemikali zisizofaa kugusana na ngozi ya fundi wako, na mvua ya kwanza inaipeleka mtaroni, na mitaro ya Dar unajua inakoishia. Vile visanduku vya umeme vinavyodaiwa kuzuia kutu kwa waya mmoja kutoka kwenye betri, achana navyo. Meli inalindwa kwa umeme kwa sababu imezama baharini na bahari inakamilisha njia ya chaji. Gari imezungukwa na hewa. Miaka ya 1990 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilimchukulia hatua muuzaji wa kifaa cha aina hiyo kwa madai yasiyo na ushahidi.

Kwa upande wa mafundi, tuwe wa haki. Kazi nzuri ya lami inataka gari ioshwe chini kwa maji matamu, ikaushwe kweli, siku nzima au zaidi, kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, palipobaki papakwe dawa ya kugeuza kutu, kisha praima, ndipo lami. Dawa hizo nyingi zina asidi ya fosfori au tanini, na tanini ndiyo ile ile iliyo kwenye magome ya mikoko; watafiti wa Malaysia wameichunguza sana ya mikoko kwa kazi hii, na sisi wenye mikoko ya Rufiji tunaangalia tu. Kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu. Mteja anataka gari jioni na anabishana bei. Fundi anaosha asubuhi, anapuliza mchana, maji bado yako kwenye maungio. Mteja analipia weusi, fundi anampa weusi.

Wazee wa majahazi walikuwa na andakoti yao. Chini ya chombo hupakwa deheni, shahamu na chokaa, na mbao za juu ya maji hupakwa sifa. Adui wao ni mdudu anayetoboa mbao, si kutu, lakini tazama mpangilio wa kazi. Chombo kinapandishwa pwani, kinakwanguliwa, kinaachwa kikauke, ndipo kinapakwa. Na baada ya miezi kadhaa kinapandishwa tena, kinakwanguliwa tena. Sijasikia nahodha akiambiwa kwamba akipaka deheni mara moja amemaliza.

Basi upige au usipige? Kama unaishi Dodoma, Tabora au Singida na gari haina historia ya chumvi, weka hela yako kwenye matairi. Kama unaishi pwani na gari bado ni changa, iangalie kila mwaka ikiwa juu ya shimo la gereji, na upige kwenye matao ya matairi ukipenda. Kama ni kuukuu na iko pwani, au inavuka Kigamboni kila siku, au inabeba samaki na barafu kutoka Feri, ukaguzi na usafi kwanza, halafu mafuta au nta, ndani ya maboksi na nje. Lami iwe ya mwisho, tena juu ya chuma ulichokiona kwa macho yako kikiwa safi.

Kinachobaki ni kuosha, na hapa Dar ina mtego wake. Kuosha chini ya gari kwa maji matamu baada ya kukutana na maji ya bahari ndiyo kinga rahisi kuliko zote. Lakini sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia maji ya visima, na visima vya ukanda wa pwani vingi vina chumvi. Mtu anaosha gari kila Jumamosi kwa maji yanayoipaka chumvi upya. Yaonje. Shirika la Afya Duniani linasema ulimi unaanza kuhisi kloridi ikizidi miligramu 250 hivi kwa lita; bahari ina kama 19,000. Ukihisi chumvi ulimini, waambie wakuoshee juu tu, na chini utafute maji ya bomba.

Na kwa anayekwenda yadi wiki hii: ukikuta gari ya miaka kumi na mitano chini ni nyeusi tii, mbichi, bila hata vumbi, usishangilie. Uliza lini imepigwa na nani aliiona kabla. Chukua bisibisi, gonga taratibu kwenye mihimili na kwenye sehemu za jeki, sikiliza kama mlio unabadilika. Pitisha sumaku; penye kutu tupu au gundi ya kuzibia haitashika vizuri. Muuzaji akikataa usiiguse, gari za aina hiyo ziko nyingi, nenda yadi ya jirani.